James Dewar, baba wa termosi aliyekufa bila kupewa Nobel

Karibu kila nyumba ya Goma, Bukavu, Butembo au Lubumbashi ina termosi. Asubuhi maji yanachemshwa kwenye mbabula, yanamiminwa ndani, kizibo kinafungwa, na ikifika saa sita mchana chai ingali inatoa mvuke. Hakuna umeme, hakuna batri, hakuna moto. Aliyetengeneza chombo hicho mara ya kwanza, mwaka 1892 mjini London, hakuwa akifikiria chai hata kidogo. Sir James Dewar, mwana wa Scotland, alikuwa akitafuta baridi kali kuliko zote zilizowahi kupatikana duniani, na alihitaji mahali pa kuiweka.

Chombo alikipata. Baridi pia aliipata, karibu yote. Lakini pesa za termosi ziliingia mifukoni mwa wengine, na zawadi kubwa ya sayansi ikaenda kwa mtu aliyetumia chombo chake kumshinda.

Mtoto wa violoni

Dewar alizaliwa tarehe 20 Septemba 1842 huko Kincardine, mji mdogo kando ya mto Forth. Alikuwa mdogo kabisa kati ya wavulana sita. Baba yake, Thomas, alikuwa mwuza mvinyo. James alipofikia umri wa miaka kumi hivi, alikanyaga maji yaliyoganda wakati wa baridi, barafu ikapasuka, naye akatumbukia. Maji yale yalimletea homa kali ya viungo. Kwa muda wa miaka miwili hivi hakuweza kutembea vizuri wala kusoma shuleni kama wenzake.

Seremala wa kijiji ndiye aliyemwokoa na uvivu wa kitanda. Alimfundisha kutengeneza violoni. Kazi hiyo inataka vidole vyenye subira: ubao mwembamba unachongwa taratibu, unakunjwa bila kuvunjika, unagandishwa mahali pake na kuachwa ukauke. Dewar alipokuwa mzee mwenye sifa alikuwa akieleza kwamba ufundi wa mikono yake maabarani ulianzia pale. Violoni moja, yenye jina lake na mwaka 1854, ilipigwa kwenye sherehe ya miaka 50 ya ndoa yake. Wapo wanaopenda kusema kwamba barafu ya Kincardine ndiyo iliyomwita kwenye kazi ya baridi. Hilo ni la wasimulizi. Mimi naona seremala ana haki kubwa zaidi katika habari hii kuliko barafu.

Alipokuwa na miaka 15 wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Ndugu zake walimsaidia, akasoma Dollar Academy, kisha Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako profesa wa kemia Lyon Playfair alimfanya msaidizi wake. Kijana alibuni mfano wa vipande vya shaba nyeupe wa kuonyesha jinsi chembe za benzeni zinavyoweza kushikana. Playfair aliupeleka kwa Mjerumani maarufu August Kekulé, aliyekuwa akifundisha Ghent, Ubelgiji, naye akamwalika Dewar kukaa kwake majira ya joto ya mwaka 1867. Mwaka 1871 alimwoa Helen Banks. Hawakupata mtoto.

Katika miaka hiyo ya Edinburgh kuna jaribio dogo ambalo linatuhusu. Mwaka 1872 hivi, Dewar alitaka kupima joto la madini ya paladiamu yaliyomeza gesi ya hidrojeni. Ili joto la chumba lisiharibu hesabu yake, alitengeneza kopo la shaba lenye kuta mbili, akaondoa hewa katikati. Alipima, akaandika, akaweka kopo pembeni. Ilipita miaka 20 kabla hajalikumbuka.

Nyumba ya Albemarle Street

Mwaka 1875 Cambridge ilimpa uprofesa. Miaka miwili baadaye akapewa uprofesa mwingine wa kemia katika Royal Institution, nyumba ya sayansi iliyoanzishwa London mwaka 1799, ambamo Michael Faraday alikuwa amefanya kazi maisha yake yote. Dewar alizishika kazi zote mbili hadi kufa. Cambridge hakuipenda sana kwa sababu vyombo vilikuwa haba, ingawa pamoja na mwenzake George Liveing waliandika makumi ya maandishi juu ya mwanga wa vitu vinavyowaka. Moyo wake ulikuwa London. Yeye na Helen walihamia ndani ya jengo lenyewe la Royal Institution, kwenye Albemarle Street, na ngazi tu ndizo zilizotenganisha kitanda chake na maabara yake.

Kulikuwa na swali moja ambalo Faraday aliliacha bila jibu. Gesi nyingi alizigeuza kuwa maji kwa kuzibana na kuzipoza. Chache zilimshinda: oksijeni, nitrojeni, hidrojeni. Watu wakaanza kuziita gesi za kudumu, yaani zisizoweza kubadilika. Mwisho wa mwaka 1877 Mfaransa Louis Cailletet na Raoul Pictet wa Geneva, kila mmoja kwa njia yake, wakapata ukungu na matone ya oksijeni. Mwaka 1883 wanasayansi wawili wa Kraków, Zygmunt Wróblewski na Karol Olszewski, wakaipata oksijeni ikiwa imetulia ndani ya bomba, ikichemka kama maji.

Dewar aliingia katika mbio hizo akiwa nyuma, lakini alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: jukwaa. Kila Ijumaa jioni Royal Institution ilifungua ukumbi wake kwa mabwana na mabibi wa London, nao walitaka kuona. Dewar hakupenda kueleza tu. Alitaka kumimina oksijeni ya maji mbele yao. Alijenga mashini kubwa za kubana gesi, na mwaka 1891, katika kukumbuka miaka 100 tangu Faraday azaliwe, tayari alikuwa akitoa oksijeni hiyo kwa wingi. Ni maji yenye rangi ya buluu nyepesi, baridi yake digrii 183 chini ya sifuri. Aliikaribisha kwenye sumaku kubwa, ikaruka na kushikamana nayo.

Tatizo lilikuwa kuitunza. Kwa maji yenye baridi hiyo, chumba cha kawaida ni sawa na tanuru. Ukiyatia ndani ya glasi yanachemka na kuisha. Tena unyevu wa hewa unaganda juu ya glasi, ikawa nyeupe, na watu waliolipia kiti hawaoni kitu. Hapo ndipo kopo la zamani la Edinburgh liliporudi kichwani mwake.

Chupa ndani ya chupa

Joto lina njia tatu za kusafiri. Ya kwanza ni kugusana: ukiacha kijiko cha chuma ndani ya sufuria iliyo motoni, baada ya muda huwezi kukishika. Ya pili ni kubebwa na hewa au maji: hewa yenye moto inapanda, ya baridi inashuka mahali pake, na hivyo joto linazunguka chumbani. Ya tatu ni mionzi. Ukisimama mbele ya mbabula, uso wako unapata moto hata kama upepo unatoka nyuma yako. Joto limeruka lenyewe kama mwanga unavyoruka, bila kuhitaji kubebwa.

Dewar alizifunga njia zote tatu kwa chombo kimoja. Alichukua chupa mbili za kioo, moja ndani ya nyingine, zimeunganishwa shingoni tu. Akaondoa hewa yote katikati yake. Pasipo hewa hakuna cha kubeba joto wala cha kulipitisha, isipokuwa kidogo linalopita kwenye shingo. Ilibaki mionzi, ambayo utupu hauizuii. Kwa hiyo akapaka kuta fedha, zikawa kioo cha kujitazama: mionzi inayokuja kutoka nje inarudishwa nje, ya ndani inarudishwa ndani. Hata kabla ya kupaka fedha, alikuwa ametumia mbinu nyingine ya kijanja. Aliacha zebaki kidogo katikati ya kuta. Mara alipomimina hewa ya maji ndani ya chupa, mvuke wa zebaki uliganda juu ya kioo na kujitengenezea wenyewe pazia linalong'aa.

Chombo hakijui kama kinatunza moto au baridi. Kinazuia joto lisivuke, basi. Ndiyo maana chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya oksijeni yenye baridi ya kutisha inatunza chai ya Bukavu.

Mwezi Januari 1893 aliionyesha mbele ya watu wa Ijumaa. Oksijeni ilikaa ndani ya kioo imetulia kama maji ya kunywa, haina ukungu wala povu, kila mtu akaiona.

Sisi wa mashariki ya Kongo tuna sababu nyingine ya kulijua jambo hili, na ni nzito kuliko chai. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini mwezi Agosti 2018, chanjo iliyokuwepo ilitakiwa kutunzwa kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri. Timu za chanjo zilipaswa kuifikisha mahali ambako hata frigo ya kawaida ni shida. Ilisafirishwa katika vyombo maalum vyenye kuta mbili na utupu katikati, pamoja na vipande vilivyogandishwa, vikaweza kukaa siku kadhaa bila umeme. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechanjwa. Sidhani wengi waliokuwa kwenye foleni walisikia jina la Dewar. Lakini ukuta ulioitunza dawa yao ulikuwa wake.

Alichoandikisha na alichoacha

Dewar hakuandikisha haki ya uvumbuzi juu ya chupa yake. Kwake kilikuwa kifaa cha maabara, na kila mwenye maabara alikuwa huru kukiiga. Walikiiga. Mmoja wa waliokifahamu vizuri alikuwa Reinhold Burger, fundi wa kioo wa Berlin, ambaye kampuni yake iliwatengenezea wanasayansi vyombo vya aina hiyo. Burger aliona ambacho profesa hakukiona: ukiizungushia chupa hiyo ganda la chuma ili isivunjike, na ukaishikilia vizuri ndani, mtu wa kawaida anaweza kubeba kahawa yake safarini. Aliandikisha haki hiyo Ujerumani mwaka 1903. Mwaka uliofuata biashara ikaanza chini ya jina Thermos, kutoka neno la Kigiriki linalohusu joto. Baada ya miaka michache haki zikauzwa kwa kampuni za Uingereza, Marekani na Kanada, na termosi ikaenda dunia nzima.

Dewar alipokwenda kudai mahakamani, alishindwa. Hakuwa na karatasi.

Hapa msomaji anaweza kumwona kama mtaalamu asiyejua mambo ya dunia, mwenye mawazo yake mawinguni. Haikuwa hivyo. Mwaka 1889, yeye na Frederick Abel walikuwa wameandikisha haki ya uvumbuzi wa kordaiti, baruti isiyotoa moshi, waliyoitengeneza kwa ajili ya jeshi la Uingereza. Alijua ofisi ilipo na fomu inajazwaje. Aliandikisha kitu cha kuua na kukiacha cha nyumbani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwonyesha kwamba chupa ile ina soko.

Kordaiti nayo ilimletea adui mbaya. Alfred Nobel, Mswidi mwenye dinamiti, alikuwa na baruti yake inayofanana sana na hiyo, na alikuwa amewaeleza Abel na Dewar kazi yake kwa imani. Alipoona kordaiti alijisikia ameibiwa. Kesi ilifika hadi ngazi ya juu kabisa ya Uingereza, na mwaka 1895 Nobel akashindwa kwa sababu ya maneno machache yaliyoandikwa vibaya katika karatasi yake mwenyewe. Alikufa mwaka uliofuata, akiacha mali yake iwe zawadi kwa wanasayansi. Dewar alipendekezwa kwa zawadi hiyo mara nyingi. Hakuipata. Siwezi kusema kwamba chuki ya marehemu ilikaa ndani ya kamati ya Stockholm. Zilikuwepo sababu nyingine, na baadhi yake Dewar alizitengeneza kwa mikono yake.

Hidrojeni na ugomvi

Kwanza tuseme ushindi wake. Tarehe 10 Mei 1898, Dewar aligeuza hidrojeni kuwa maji. Alipata sentimita 20 za ujazo, kiasi cha vijiko vichache. Njia yake ilikuwa kubana gesi, kuipoza sana, kisha kuiachia ghafla ipite kwenye tundu dogo. Inapopanuka inapoa zaidi, na baridi hiyo inatumiwa kupoza gesi inayofuata nyuma yake, mzunguko baada ya mzunguko. Hidrojeni ya maji huchemka kwenye digrii 253 chini ya sifuri. Ni nyepesi ajabu, lita moja ina uzito wa gramu 70 hivi, hata kizibo cha chupa kinazama ndani yake. Bomba tupu likichovywa humo, hewa iliyomo ndani inaganda kama theluji. Mwaka 1899 aliigandisha hidrojeni yenyewe. Hakuna mtu kabla yake aliyewahi kushuka chini hivyo, na bila ile chupa yenye kuta mbili hata matone hayo yangekwisha kabla hayajaonekana.

Ipo picha ya mchoraji Henry Jamyn Brooks ya mwaka 1904 inayomwonyesha akifundisha juu ya hidrojeni hiyo. Dewar amesimama nyuma ya meza yake, mfupi, na mbele yake ukumbi umejaa watu wakubwa wa sayansi ya Uingereza. Mwaka huo huo mfalme alimpa cheo cha Sir.

Lakini waliokuwa karibu naye walijua bei ya maonyesho hayo. Gesi iliyobanwa kwa nguvu na kioo chembamba ni hatari. Wasaidizi wake wawili, Robert Lennox na J. W. Heath, kila mmoja alipoteza jicho moja katika ajali za maabara. Lennox ndiye aliyejenga sehemu kubwa ya mashini. Mwishowe waligombana, Lennox akaondoka, na inasimuliwa kwamba aliapa kutokanyaga tena nyumba ile maadamu Dewar yu hai. Katika maandishi ya Dewar wanaume hao wawili wanashukuriwa kwa adabu, ila jina lililo juu ni moja tu.

Alikuwa mtu wa hasira za haraka, mwepesi wa kuona wizi. William Hampson, ambaye mwaka 1895 aliandikisha mashini nzuri ya kugeuza hewa kuwa maji, alidai kwamba wazo lake lilipita kwa Lennox likafika kwa Dewar bila kutajwa. Wakashambuliana kwa barua katika gazeti la Nature. Mbaya zaidi ulikuwa ugomvi na William Ramsay, profesa wa London kama yeye. Dewar alipotangaza hidrojeni yake, Ramsay alisimama kusema kwamba Olszewski wa Kraków alikuwa amemtangulia. Habari hiyo haikuwa kweli, na Ramsay alilazimika kuifuta mbele ya watu. Tangu hapo hawakuelewana.

Ugomvi huo ungekuwa jambo dogo la wazee wawili wenye kiburi kama Ramsay asingekuwa ndiye mwenye heliamu.

Mbio alizoshindwa

Baada ya hidrojeni ilibaki gesi moja tu. Heliamu ilikuwa imejulikana kwa mwanga wa jua, na Ramsay ndiye aliyeipata hapa duniani mwaka 1895, ndani ya mawe. Alijua kuitoa na kuisafisha kuliko mtu yeyote. Maabara yake na ya Dewar zilikuwa katika mji mmoja, mwendo wa miguu. Mmoja alikuwa na gesi, mwingine alikuwa na baridi. Wangekaa meza moja, huenda kazi ingekwisha katika miaka michache. Hawakukaa.

Dewar akaenda kutafuta heliamu yake kwenye chemchemi za maji moto za mji wa Bath, ambako gesi hiyo hutoka kidogo kidogo pamoja na mapovu. Ilikuja imechanganyika na neoni. Neoni inaganda mapema, na ikiganda inaziba mabomba na tundu za mashini. Siku baada ya siku kazi ilisimama kwa sababu ya mabomba yaliyoziba.

Wakati huo, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alikuwa akifanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Alijenga maabara kama kiwanda. Alianzisha shule ya mafundi wa kioo na wa vyombo, vijana wakajifunza kwake kisha wakamfanyia kazi. Aliandika wazi kila alichokuwa akikifanya. Heliamu aliitoa kwenye shehena ya mchanga wa monaziti, akaisafisha kwa miezi. Tarehe 10 Julai 1908, baada ya kazi iliyoanza alfajiri hadi usiku, alipata sentimita 60 za ujazo za heliamu ya maji, digrii 269 chini ya sifuri. Chombo kilichoitunza kilikuwa chupa ya Dewar, imewekwa ndani ya chupa nyingine yenye hidrojeni ya maji, nayo ndani ya nyingine yenye hewa ya maji. Mwaka 1913 Onnes akapewa Nobel.

Dewar alikuwa na miaka 65. Naamini lilimuuma kuliko kesi ya termosi. Pesa hakuwa amezitafuta; hii aliitafuta kwa miaka kumi.

Tuwe wa haki: Onnes alikuwa na mafundi wengi, na maabara ya Dewar ilikuwa watu wachache na mfuko mwembamba. Hata hivyo Onnes alijua kuwatunza watu wake.

Katika miaka hiyo ya kushindwa, Dewar alitoa kitu kingine kikubwa. Tangu ujana wake Edinburgh, pamoja na Peter Guthrie Tait, aliona kwamba makaa yanafyonza gesi. Sasa aligundua kwamba makaa yaliyopozwa sana, hasa ya vifuu vya nazi, yanameza gesi kwa wingi wa kushangaza na kuacha utupu safi kuliko pampu yoyote. Weka makaa hayo kidogo katikati ya kuta, na utupu wa chombo chako utajitunza. Kwa njia hiyo iliwezekana kutengeneza vyombo vikubwa vya chuma badala ya kioo. Mitungi inayobeba nitrojeni ya maji leo, pamoja na ile ya kutunzia mbegu za ng'ombe, imetoka katika ukoo huo.

Mzee anayetazama anga

Vita vya 1914 vilifunga mashini. Pesa zilikwisha, vijana walikwenda jeshini. Dewar, sasa na miaka zaidi ya 70, alirudi kwenye mambo ambayo mzee anaweza kuyafanya bila msaada: mapovu ya sabuni. Aliyapuliza makubwa, akayatunza ndani ya vyombo vilivyofungwa, mengine yakaishi miezi mingi. Alipima ngozi yake ilivyo nyembamba. Wengine walimcheka. Mimi naona yule mtoto wa violoni.

Kisha akapanda juu ya jengo. Huko darini, akitumia kipimo alichokitengeneza kwa makaa yenye gesi, kipimo chepesi sana cha kuhisi joto, alianza kupima mionzi inayotoka angani, mchana na usiku. Kwa mtu aliyepaka chupa fedha ili kuzuia mionzi, lilikuwa swali la kawaida: na sisi hapa chini, tunapoteza joto kiasi gani kuelekea juu?

Mkulima wa Masisi au wa Lubero anajua jibu kwa ngozi yake. Usiku wenye nyota una baridi kuliko usiku wa mawingu, na asubuhi majani yamelowa umande. Ardhi inatuma joto lake juu kwa mionzi. Mawingu yanalirudisha kama blanketi, anga safi linaliacha lipite hadi kwenye baridi ya mbali. Usiku hilo ni rahisi. Mchana jua linarudisha joto zaidi ya linalotoka, na kwa muda mrefu ilionekana hakuna la kufanya. Mwaka 2014 watafiti wa Stanford, Marekani, walitengeneza sahani inayorudisha karibu mwanga wote wa jua huku ikituma joto lake angani, ikawa baridi kuliko hewa inayoizunguka kwa digrii 5 hivi, juani, bila umeme.

Kilichoizuia kushuka zaidi ni yale yale aliyopigana nayo Dewar: hewa yenye joto inayoigusa pande zote. Utupu ungesaidia, ila huwezi kufunika paa zima kwa termosi. Hapo kikaingia kitu kilichobuniwa California na Samuel Kistler na kutangazwa mwaka 1931, miaka minane baada ya kifo cha Dewar: erojeli. Ni kitu kigumu lakini chepesi kama povu, zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni hewa, na hewa hiyo imenaswa katika vitundu vidogo mno hata haiwezi kuzunguka na kubeba joto. Mwaka 2019 watafiti wa MIT walitengeneza erojeli ya polithini, plastiki ile ile ya mifuko, ambayo inarudisha jua, inazuia joto la hewa, na wakati huohuo inaacha mionzi ya joto ipite kwenda angani. Waliijaribu katika jangwa la Atacama, Chile. Saa ya jua la utosi, kilichokuwa chini yake kilikuwa baridi kuliko hewa kwa digrii 13. Bado ni kazi ya maabara. Haijafika kwenye mabati ya Uvira wala kwenye frigo ya kituo cha afya. Ila hewa ya jangwa lile ni kavu sana, na mahali penye unyevu mwingi kama kando ya ziwa matokeo yatakuwa madogo.

Dewar alikuwa bado na vipimo vyake vya anga mkononi alipougua. Alikufa tarehe 27 Machi 1923 ndani ya nyumba ya Albemarle Street, akiwa na miaka 80 na zile kazi mbili za uprofesa ambazo hakuwahi kuziacha. Helen alikuwa bado hai. Katika maabara za dunia yote, ukitaka chombo cha kubebea nitrojeni ya maji, hadi leo unaomba dewar, na kila mtu anaelewa.